Mtindo Unaopata Jina Kabla ya Watu

Vijana wa leo si vigeugeu kuliko wazazi wao walivyokuwa. Lawama hiyo naisikia kwa walimu, kwa viongozi wa dini, na hata kwa wabunifu wa mavazi ambao wangepaswa kuwa wa kwanza kuikataa: eti mtoto anavaa hivi Januari na vile Machi kwa sababu hana msimamo. Mimi naona vingine. Mitindo inayozaliwa mtandaoni hufa mapema kwa sababu hupewa jina, husambazwa na kuuzwa kabla haijapata watu wa kuiishi. Mbio hizo ni za mashine ya usambazaji, na kijana anakimbizwa nayo. Sisi wa Afrika Mashariki, ambao masoko yetu ya mitumba hupokea mabaki ya kila mbio, tunayo sababu kubwa ya kuielewa mashine hiyo.

Zamani kundi la vijana wenye mavazi yao, lile ambalo wasomi huliita utamaduni tanzu, lilikuwa na mahali pa kukutana, muda wa kukomaa, na gharama ya kuingia ambayo haikulipwa kwa fedha tu. Dick Hebdige, katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu vijana wa Uingereza, alionyesha kwamba pini za nepi na fulana zilizochanwa za punk zilikuwa hoja dhidi ya jamii iliyowazunguka. Alionyesha pia kuwa biashara huimeza mitindo ya aina hiyo mwishowe. Hilo la kumezwa si jipya. Jipya ni kwamba punk walipata miaka kadhaa ya kujulikana mtaani, kuchekwa, kupigwa na kuzoeana wao kwa wao kabla madirisha ya maduka makubwa hayajajaa pini zao.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni La Sape, mtindo wa watanashati wa kingo mbili za mto Kongo. Kijana wa Bacongo kule Brazzaville, au wa Matonge kule Kinshasa, hakuingia kwenye Sape kwa kununua koti. Alifundishwa na waliomtangulia kulinganisha rangi zisizozidi tatu, kutembea, kusimama, kupandisha pindo la suruali ili kiatu cha J.M. Weston kionekane, na kiatu hicho alikidundulizia kwa muda mrefu. Papa Wemba alipoutangaza mtindo huo kwa muziki wake, tayari walikuwapo watu wa kuutetea, tena katika Zaire ya Mobutu ambako suti na tai vilikuwa vimepigwa marufuku na wanaume wakatakiwa kuvaa abakosti, koti la kuvaliwa bila tai. Kutoka barabarani na tai shingoni ilikuwa ni kujitia hatarini. Mtindo uliogharimu kiasi hicho hauachwi kwa sababu msimu umegeuka, na Sape ingali hai hadi leo, miaka mingi baada ya Papa Wemba kufariki Abidjan mwaka 2016.

Sasa utazame mtindo ulioitwa seapunk, ambao naufundisha kila mara kwa sababu tarehe zake ziko wazi. Mwezi Juni 2011, DJ mmoja wa Marekani anayejulikana kwa jina la Lil Internet aliandika Twitter kwamba ameota koti la ngozi la punk lenye makombe ya baharini mahali pa vifungo vya chuma. Basi. Hapakuwa na koti, hapakuwa na kundi. Lakini marafiki wa mtandaoni waliidaka ndoto ile, hasa wanamuziki wawili waliokuwa Chicago, Ultrademon na Zombelle, wakaijengea muziki, nywele za rangi ya feruzi, picha za pomboo na michoro ya kompyuta yenye sura ya miaka ya 1990. Tumblr ikajaa. Kabla mwaka haujaisha tangu ndoto ile, gazeti la New York Times lilikuwa limeshaandika habari zao. Novemba 2012 Rihanna aliimba katika kipindi cha Saturday Night Live nyuma yake kukiwa na michoro ya aina hiyohiyo, na siku hizohizo Azealia Banks akatoa video iliyojaa bahari hiyohiyo. Waanzilishi walilalamika hadharani kwamba wameibiwa. Kutoka ndoto hadi jukwaa la taifa ilikuwa miezi 17, na baada ya hapo waliobaki na nywele za feruzi walikuwa wachache sana.

Watu wengi huisimulia hadithi hii kama kichekesho. Mimi naiona kama msiba mdogo, kwa sababu wale vijana walikuwa na kitu. Muziki wao ulikuwa na ladha yake na urafiki wao ulikuwa wa kweli. Walichokosa ni ule muda ambao Matonge iliupata bila kuuomba, muda wa kuwa kitu kisichotazamwa na mtu wa nje.

Mashine hii ya usambazaji imejengwa kwa matabaka, na tabaka la kwanza ni jina. Katika Tumblr, iliyoanzishwa mwaka 2007, picha ilisafiri kwa kubandikwa upya kutoka ukurasa hadi ukurasa, na mara nyingi ilifika mbali ikiwa imempoteza mwenyewe. Kilichobaki nayo ni alama ya reli (#) chini yake. Anayetafuta alama hiyo hukuta mamia ya picha zilizofanana, na kufanana huko humfanya aamini kuwa kuna kundi mahali fulani. Pengine lipo, pengine halipo. Jina limeshafanya kazi ambayo zamani ilifanywa na watu. Angalia yaliyoipata normcore. Kikundi cha New York kiitwacho K-HOLE kilipolitoa neno hilo mwaka 2013, kilikuwa kinazungumzia hali ya moyo, ule uhuru wa kukaa na watu wa kila aina bila kung'ang'ania upekee wako. Februari 2014 jarida la New York likaliandika kama mtindo wa mavazi, na mara watu wakaanza kuuliza ni raba zipi na jinzi zipi za kununua. Wazo zima kuhusu namna ya kuishi na wenzako likageuka kuwa orodha ya vitu vya dukani.

Tabaka la pili ni mtazamo wa kamera, nalo kwangu ndilo linalosisimua zaidi, ingawa halizungumzwi sana. TikTok ilipoungana na Musical.ly mwaka 2018, ilileta ukurasa unaochagua wenyewe cha kukuonyesha kwa kutazama unachokitazama wewe, umekaa nacho sekunde ngapi, umekirudia au umekipita. Huhitaji kumfuata mtu yeyote. Kijana wa Mwanza anaweza kuonyeshwa chumba cha kijana wa Ohio bila mmoja wao kujua kuwa mwenzake yupo. Na kwa kuwa simu hushikwa wima, tena karibu na uso, mavazi yameanza kupanda mwilini. Mtindo wa wasichana walioitwa e-girl, uliovuma mwaka 2019, karibu wote ulikaa usoni: wanja mrefu, vimoyo vilivyochorwa chini ya macho, wekundu hadi puani, nywele zilizopakwa rangi mbili. Chini ya kifua hapakuwa na neno. Msapeur, yaani mfuasi wa La Sape, huanza na kiatu kwa sababu uwanja wake ni barabara na kazi yake ni kutembea. Aliyelelewa na kamera ya simu huanza na jicho, kwa sababu uwanja wake ni fremu inayoenea kiganjani. Hii haina maana kwamba mmoja ana akili kuliko mwenzake. Ina maana kwamba mtindo wa fremu unaweza kuvaliwa na mtu aliyekaa peke yake chumbani, ukavuliwa kabla hajaitwa kula, na hakuna jirani aliyeuona. Ni rahisi kuingia. Na kwa sababu hiyohiyo, hakuna wa kukushika mkono ukitaka kutoka.

Tabaka la tatu ni kiwanda, nacho hakimsubiri mbunifu. Shein, kampuni iliyoanzishwa China mwaka 2008, imejulikana kwa kutoa kiasi kidogo cha nguo, vipande 100 au 200 hivi vya kila mshono, kisha kutazama watu wanabofya wapi na kuagiza zaidi kile kilichobofywa. Nguo mpya huingia kwa maelfu kila siku. Mwaka 2020, watu wengi duniani walipofungiwa majumbani kwa sababu ya korona, mtindo wa cottagecore ulipamba moto: mikate ya nyumbani, bustani, magauni mapana ya shambani. Mbunifu Lirika Matoshi, mzaliwa wa Kosovo anayefanyia kazi New York, alikuwa ameshona gauni la wavu la waridi lenye matunda ya stroberi yanayometameta, akaliuza dola 490. Gauni hilo likawa sura ya kiangazi kile. Punde nakala zake za bei ya kutupa zilijaa kwenye maduka ya mtandaoni, na wengi waliozivaa hawakujua kama kuna aliyeketi akazibuni. Mtindo uliojitangaza kuwa wa maisha ya polepole, ya kushona na kupanda, ukaishia kuvaliwa kwa nyuzi za plastiki zilizosafirishwa kwa ndege.

Hapo ndipo ninapopambana na dhana mbili potofu. Ya kwanza husema kuwa haya ni maadili ya nje yanayotuharibia watoto, na dawa yake ni kuyapiga marufuku. Tanzania ililijaribu hilo kabla intaneti haijazaliwa. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo, ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya vimini, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua, ianze rasmi tarehe 1 Januari 1969. Wasichana walishambuliwa Kariakoo hata kabla siku hiyo haijafika. Vimini havikwisha. Waliobaki na makovu ni wasichana. Miaka mingi baadaye, Novemba 2014, video ya mwanamke aliyevuliwa nguo na wanaume katika stendi ya matatu mjini Nairobi ilisambaa kwenye mitandao ileile inayosambaza mitindo, na wanawake wakaandamana chini ya alama ya #MyDressMyChoice. Kila tunapoikabidhi kazi ya kulinda maadili kwa umati wa barabarani, anayelipa ni msichana, na mtengenezaji wa mtindo aliyeko ng'ambo hajui hata kama tumekasirika.

Dhana ya pili ni ya upande wa pili, ya wale wanaosema haya ni ya mtandaoni tu, hayana uzito, yatapita. Kijana aliyepata kwenye skrini watu wa kwanza maishani mwake waliopenda anachokipenda hawezi kuambiwa kuwa hisia zake si za kweli. Vyuo vilipofungwa mwaka 2020, maelfu ya wanafunzi walijifariji kwa mtindo wa dark academia, makoti ya sufu na vitabu vikuukuu, kwa sababu walikuwa wameukosa ukumbi wa kusomea. Uhitaji huo ni mkubwa, na anayeudharau hataweza kumsaidia kijana wake.

Ukitaka kuona jinsi intaneti inavyoweza kukuza mtindo badala ya kuuua, tazama mavazi ya stara. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000, wasichana Waislamu wa Uingereza, Marekani, Indonesia na kwingineko walianza kuonyeshana kwenye YouTube, na baadaye Instagram, namna ya kufunga hijabu, namna ya kuvaa gauni la dukani bila kuvunja mipaka ya dini, na mmoja wao, Dina Tokio, akawa mashuhuri. Kampuni kubwa zilifuata: Uniqlo ikashirikiana na mbunifu Hana Tajima mwaka 2015, Dolce & Gabbana wakatoa mabaibui mwaka 2016, Nike wakatoa hijabu ya michezo mwaka 2017. Kwa mwendo wa seapunk, mtindo huu ungekwisha pale pale. Haukwisha. Ukienda leo Mombasa, Unguja au Maskati, utakuta msichana aliyeona mfungo wa mtandio kwenye simu yake, akampelekea fundi picha ya baibui, akabishana na shangazi yake kuhusu upana wa mikono, kisha akalivaa kwenye arusi ambako wanawake mia wengine walilitazama na kusema waliyosema. Wenye mtindo walikuwapo kabla ya kamera, na wataendelea kuwapo Instagram ikifungwa kesho. Kuna Idi, kuna arusi, kuna hitima, kuna macho ya watu wanaokujua kwa jina la baba yako. Kampuni kubwa ziliuza zilichouza, lakini hazikuweza kuwanyang'anya wenyewe kitu ambacho wao walikuwa wakikihukumu kila Ijumaa.

Mitumba nayo ina somo lake. Vijana wa Ulaya na Marekani walipoanza kutafuta sura ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, zile jinzi za kiuno kifupi na fulana fupi za kubana, walilazimika kununua nakala mpya za viwandani. Nguo zenyewe zilikuwa zimeshafika kwetu kitambo. Mchaguzi wa soko la Gikomba jijini Nairobi anayefungua robota alfajiri na kutoa kamera, yaani nguo za daraja la juu, kabla wengine hawajaamka, au wa soko la Karume pale Ilala, Dar es Salaam, ana jicho ambalo kompyuta za Shein hazina: anashika kitambaa, anaukagua mshono, anajua jinzi hii itaishi miaka mingapi tena. Nairobi tayari imeonyesha nini kinawezekana. Ndugu wawili waliojulikana kama 2ManySiblings walianza kwa picha zao kwenye Tumblr wakiwa wamevaa mitumba waliyoichagua wenyewe, kisha wakaanzisha Thrift Social, mkusanyiko ambako vijana walikutana ana kwa ana, wakauziana, wakasikiliza muziki na kutazamana tangu kichwani hadi miguuni. Picha iliwaita watu, nao wakaja.

Lakini chanzo hicho cha mitumba kinachafuka. Nguo zinazoshonwa ili zivaliwe kwenye video moja hazina maisha ya pili. Ripoti ya shirika la Changing Markets Foundation ya mwaka 2023 ilidai kwamba kila mwaka zaidi ya nguo milioni 300 zilizochakaa au zisizouzika, zenye nyuzi za plastiki, huingia Kenya na kuishia kutupwa au kuchomwa. Wafanyabiashara wa mitumba nchini humo waliipinga hesabu hiyo, wakisema hakuna mwenye akili anayeagiza takataka kwa fedha yake. Huo ni ubishi wa haki na takwimu zake zichunguzwe. Hata hivyo, wauzaji wenyewe hulalamika kuwa fagia, yaani nguo duni, imezidi na kamera imepungua ndani ya robota, na sababu wanaiona kwa vidole vyao: kitambaa chepesi kinachong'aa, mshono mmoja, lebo za maduka ya mtandaoni. Kifo cha haraka cha mtindo kule ni hasara ya muuza mitumba huku, aliyelipia robota lililofungwa bila kujua kilichomo.

Ya kufanya yapo, na hayahitaji sheria ya mavazi. Mzazi na mwalimu waache kuuliza umevaa nini na waulize unavaa pamoja na nani. Kijana mwenye jibu la swali hilo, hata nywele zake ziwe na rangi ya feruzi, yuko salama kuliko aliyevaa vizuri akiwa peke yake mbele ya simu. Wahariri wa kurasa za mitindo waache kutafsiri majina ya misimu kutoka TikTok ya Marekani na kututangazia kuwa yamefika. Watume mwandishi kwenye masoko ya mitumba ya Karume, Owino au Toi akaulize vijana wanavaa nini na kwa nini. Anayeuza nguo Instagram ataje mbunifu pale anapomjua, na aseme wazi pale nguo inapokuwa nakala. Mamlaka za kodi na viwango, badala ya kuibua upya kila uchaguzi ugomvi wa kufuta mitumba yote, zishughulikie ubora wa kilichomo ndani ya marobota, jambo ambalo muuzaji na mazingira vyote vinalihitaji.

Dawa ninayoiamini kuliko zote ni fundi cherehani. Tunaye karibu kila mtaa, jambo ambalo miji mingi ya Ulaya imelipoteza. Mtindo ukipita kwa fundi hulazimika kusimama: kitambaa kinachaguliwa, mwili unapimwa, kola inabadilishwa kwa sababu shingo yako si ya yule wa kwenye picha, na siku tatu za kusubiri zinakupa nafasi ya kujua kama bado unaitaka nguo hiyo. Fundi anapoikosea kidogo picha ya simu, mara nyingi ndipo kitu chetu kinapoanza. Kijana mwenye shilingi za kununulia nakala mbili za mtandaoni anaweza kumlipa fundi wa mtaani kwa nguo moja itakayoshonwa upya akinenepa.

Na kwenu vijana wenyewe, wa Sinza, wa Umoja, wa Goma, wa Bujumbura, mliokwisha kuwa na kundi na mavazi yenu hata kama hayajapata jina: msiharakishe kulitafuta jina hilo. Kutaneni kwanza. Pigeni picha zenu, mziweke pamoja na mwaka, mahali, aliyeshona na aliyebuni, ili siku kampuni itakapokuja kuuza mlichokianzisha muwe na ushahidi mkononi. Wale wa seapunk kule Chicago walibaki na malalamiko peke yake.